Kibao cha Magadi

Mimi nina mdomo. Sikatai. Marehemu mama alikuwa akisema siku nikifa, mdomo wangu utabaki ukibishana na wachimba kaburi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia nilinyamaza miaka tisa kwa sababu ya upole. Upole niutoe wapi? Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mwongo, na mwongo mwenye maneno mengi ni hatari kuliko mwongo bubu, maana anajua kukaa kimya huku anaongea.

Nilikuwa karani wa geti katika kiwanda cha kemikali. Malori ya tangi yalitoka pale na mzigo wa aina mbili: magadi ya maji, yale makali ya kutengenezea sabuni, au asidi, ile inayofuka moshi ukifungua kifuniko tu. Kila lori lilitundikwa kibao nyuma. Cha magadi kiliandikwa: yakimwagika, mwagia maji mengi. Cha asidi kiliandikwa: usitie maji kabisa. Kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi ya mzigo, kutundika kibao chake, kupiga mhuri na kufungua geti. Mtoto wa darasa la tatu angeiweza.

Lakini mwanadamu hakosi ujanja. Malori yalijipanga uani tangu asubuhi, na mimi niliona upuuzi kusubiri kila moja lipakiwe ndipo nitoke na ngazi. Nikawa nayavisha mapema. Nikiambiwa foleni yote ni ya magadi, natundika vibao vyote kwa mkupuo mmoja, kisha narudi ndani kunywa chai ingali moto. Wenzangu wakaniita Bibi Mkupuo, nami nikalipenda jina.

Siku ile malori matano yalikuwa ya magadi. Nikayavisha, nikaingia ndani, mvua ikaanza. Huku nyuma mpakiaji akapewa amri mpya: lori la pili lipakie asidi, kuna mteja ana haraka. Dereva wa lori la pili tulimwita Polepole. Mtu mwembamba, kofia ya sufu mvua na jua, anaendesha kama aliyebeba mayai. Alishuka, akaja dirishani kwangu na karatasi mkononi.

"Dada, kibao si chenyewe. Nimepakia asidi."

Nikatazama nje. Mvua inamwagika, ngazi iko mwisho wa uani, na malori matatu nyuma yake yameanza kupiga honi. Badala ya kusema ngoja nikibadilishe, nikafungua mdomo wangu huu.

"Kwani wewe ni dereva au karani? Kama unaitaka kazi yangu, kaombe! Mwanamume mzima unaogopa kibao. Ondoa gari, watu wana safari."

Walinzi wakaangua kicheko. Wapakiaji nao wakacheka. Polepole hakucheka wala hakugomba. Nilimgongea mhuri bila hata kuisoma karatasi, akaikunja akaitia mfukoni. "Sawa dada," alisema, "lakini si vizuri." Nikafungua geti.

Mchana ule, kwenye barabara kuu, lori la mchanga lilikatika breki likamgonga ubavuni. Tangi likapinduka, likapasuka. Polepole alifia palepale kwenye usukani. Watu wa karibu wakakimbilia kuokoa, zimamoto wakafika upesi, wakasoma kibao: mwagia maji mengi. Wakamwaga maji mengi. Ile asidi ikiguswa na maji inachemka na kutoa wingu jeupe, zito, na ukilivuta linakuunguza mapafu. Walikufa zimamoto wanne na watu sita waliokwenda kutoa msaada. Kumi, na Polepole wa kumi na moja.

Wachunguzi walikuja kesho yake. Nani alitundika kibao? Nikasema ni mimi, na kwamba nilitundika cha asidi. Nikasema huenda dereva alikibadili njiani, maana madereva wengine huficha asidi ili wasisumbuliwe kwenye vizuizi. Hilo la madereva wengine lilikuwa kweli, na uongo ukichanganywa na kweli kidogo humezeka. Wakaandika, wakanishukuru kwa ushirikiano. Nilitoka mle ofisini nikanawa uso nikarudi kazini.

Zimamoto walijenga jiwe la kumbukumbu mbele ya kituo chao, wakachonga majina kumi. La Polepole hawakulichonga. Wangelichongaje, na yeye ndiye aliyewaua watu? Ikaundwa kamati ya wafiwa, mwenyekiti wake Afande, mkuu wa kituo wa wakati ule, aliyewazika vijana wake wanne kwa wiki moja. Wakataka mtu wa kiwandani mwenye mwandiko mzuri awe katibu. Nikachaguliwa mimi. Ningekataa, wangeuliza kwa nini.

Kila mwaka, siku chache kabla ya kumbukumbu, mjane wa Polepole alikuja kikaoni kuomba jina la mumewe lichongwe. Ni fundi cherehani, utamwona na pini zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Kila mwaka kamati inakataa, na mimi kwa mkono wangu huu naandika: ombi la mjane halikukubaliwa. Mwandiko safi, mistari imenyooka.

Na laiti ningeishia hapo. Nilijipenyeza nyumbani kwake. Nilianza kwa kumpelekea nguo za kupunguza, nikaendelea kwa kumsaidia kukata vitambaa, mwishowe akawa ananiita mdogo wangu, na binti yake ananiita mama mdogo. Watu wakanisifu: tazameni moyo wa yule mama, anamsitiri mke wa mtu aliyetuletea msiba. Naona aibu kulisema hili kuliko mengine yote. Nilizipokea zile sifa, na zilinipendeza.

Kuna siku tulikuwa tunatia vifungo kwenye sare za shule, akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ulimwona asubuhi ile. Alikuwaje?"

"Alikuwa na haraka," nikasema.

Polepole na haraka! Jamani, hata mtoto angenizomea. Yeye aliacha uzi, akanitazama, kisha akatikisa kichwa. "Basi sikumjua mume wangu," akasema, akashika kifungo kingine. Nami nikashika changu, nikamwuliza kama anataka matundu mawili au manne.

Mwaka huu mambo yalibadilika kwa sababu ya binti. Aliomba kazi ya zimamoto. Mama yake hakujua kama acheke au alie, lakini mtoto alikuwa kichwa ngumu, akakimbia mbio zao, akabeba mipira yao ya maji, akafaulu usaili. Sasa pale kituoni wana desturi. Kila kuruti huapa mbele ya lile jiwe, na kabla ya kuapa husoma majina yote kwa sauti. Kiapo kilikuwa Jumatatu. Binti akasema hatasoma majina ya jiwe lililomkataa baba yake, na asiyeapa Jumatatu nafasi yake inapewa mwingine. Kikao chetu kilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano cha kituo.

Tulikuwa tisa mezani. Madirisha yalikuwa wazi, nje wanaosha gari kubwa. Mjane alisimama, mikono ameifumbata tumboni.

"Mwaka huu sitaomba," alisema. "Nitauliza. Mnasema mume wangu alikitoa kibao cha asidi akaweka cha magadi. Haya. Hicho cha asidi alikipeleka wapi? Garini hakikukutwa. Barabarani hakikuokotwa. Mimi miaka tisa nashona huku namtafutia mahali pa kukiweka, sijapaona."

"Mama, barabara ni ndefu," Afande alisema kwa upole. "Alikitupa porini."

"Labda," mjane akasema, akaketi kiti cha jirani yangu.

Mimi nilijua kilikokuwa. Siku ile kilikuwa nyuma ya mlango wa ofisi yangu, kwenye msumari wake, kikavu.

Afande akasema wanaokataa wanyooshe mikono. Ikanyooshwa saba. Afande naye hakunyoosha kwa chuki, nilimwona, hata yeye alikuwa amechoka. "Katibu, andika," akasema.

Nikaandika: ombi la mjane. Kalamu ikasimama. Nisijisifu hapa, nisiseme dhamiri iliniamsha, maana dhamiri yangu ilikuwa imelala usingizi wa pono miaka yote ile. Ningeandika kama kawaida. Lakini yule mwanamke aliona kalamu yangu imesimama, akadhani namwonea huruma. Akaniinamia, akaniwekea kiganja begani, akanong'ona, "Andika tu, mdogo wangu. Wewe hujakosa kitu."

"Nimekosa mimi," nikasema.

Nilisema kwa sauti, hata waliokuwa wakiosha gari walisikia. Nikaeleza yote: vibao vya mkupuo, mvua, ngazi, karatasi ambayo sikuisoma. Nikayarudia maneno niliyomwambia dirishani, neno kwa neno, na kicheko cha walinzi. Nikasema kibao kilikuwa nyuma ya mlango. Mzee mmoja aliyempoteza mdogo wake siku ile aliipiga meza kwa ngumi akasimama kama atanirukia, kisha akakaa tena. Afande alivua miwani.

"Vijana wangu walikuwa wanajua kusoma," alisema. "Nilikuwa nawasifu kwa hilo. Soma kibao kwanza. Mimi ndiye niliyewafundisha." Akaiweka miwani mezani.

Nilimgeukia mjane. Nilitarajia kofi, na ningelishukuru. Yeye alikuwa akitazama meza.

"Kwa hiyo hakuwa na haraka," akasema.

"Hakuwa na haraka."

"Alishuka kwenye gari, na mvua ile, akaja kukwambia."

"Alikuja, dada."

"Eeh." Akavuta pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka namna ambayo sijapata kuuona hata siku za furaha zake. "Ndiye huyo. Huyo namjua. Huyo ndiye mume wangu!" Akawageukia wajumbe mmoja mmoja. "Mmesikia? Alisema! Aliwaambia!" Na kwa muda ule hakuna aliyenitazama, hata yeye. Nilielewa kwamba furaha ile ningeweza kumpa siku yoyote, hata tukiwa tunatia vifungo, kwa sentensi moja tu.

Kisha akanikumbuka.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Kiwanda kilifungwa mwaka uleule," akasema. Hakupandisha sauti. "Hiyo miaka minane mingine uliogopa nini?"

Mimi mwenye mdomo, mimi ninayebishana na wachimba kaburi, nilitafuta neno sikulipata. Nilikuwa na miaka minane mikononi na sina cha kuifunika.

"Niliona haya," nikasema mwishowe.

"Wewe ndiye uliyeona haya? Mimi ndiye niliyehama kisima kwa kukimbia masimango. Mwanangu ndiye aliyebadilishwa shule. Aibu ilikuwa yako, ukatuvisha sisi, halafu ukaja kukaa kwangu kutazama kama imetukaa vizuri."

Afande alivaa miwani yake, akauliza upya, na mikono yote ikanyooshwa. Fundi wa mawe angeitwa leo leo, jina lichongwe kabla ya Jumatatu. "Andika, katibu," akasema, na safari hii hakunitazama. "Andika yote uliyoyasema, kisha uandike jina lako chini. Itakwenda polisi." Nikaandika kurasa tatu. Mwandiko haukusomeka vizuri, lakini nikaandika.

Nilipomaliza niliinuka, nikidhani nitapita mlango wa nyuma. Mjane akanizuia kwa mkono.

"Binti yuko nje kwenye benchi anasubiri majibu. Nenda ukamwambie."

"Dada, wewe ndiye mama yake. Akisikia kwako..."

"Mimi nimebeba maneno yako vya kutosha. Haya mengine yabebe mwenyewe."

Nikatoka. Binti alikuwa amekaa wima, viatu vya mazoezi amevifunga vizuri, bahasha ya vyeti magotini. Nyuma yake lile jiwe, na vijana wawili wanafagia pembeni yake. Aliponiona alisimama haraka, uso wote umechangamka, akaupokea mkoba wangu begani kama anavyofanya siku zote ili nisichoke.

"Shikamoo, mama mdogo."

Niliushika ukanda wa mkoba.

"Usiniamkie kwanza, mwanangu," nikamwambia. "Nirudishie mkoba, ukae."