Mawe ya Kulambia

Kondoo wa mwisho wa mzee Lulash alikuwa akilamba jiwe. Alililamba kwa bidii, macho kayafumba, kama mtoto anayekomba sahani iliyokwisha chakula zamani. Mrika alisimama penye pengo la ukuta wa zizi kuukuu, ndoo ya maji mkononi, asimwone mnyama yule hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwenye miche.

Miche mia mbili na arobaini. Mwezi wa saba ulikuwa umefika katikati, na bangi iliyopaswa kumfika mabegani ilikuwa haijamgusa magoti. Majani ya chini yalikuwa manjano; ncha zake zimeungua na kujikunja kama kucha za mgonjwa. Haikufa, wala haikukua. Ilikuwa imesimama tu, kama watu walioambiwa wasubiri bila kuambiwa wanasubiri nini.

Mbegu aliletewa na Bardhok, mtu wa mjini, mwezi wa nne, theluji ikiwa bado vileleni. Alizimimina kiganjani mwa Mrika polepole kama anayempimia shanga.

"Jike tupu hizi, mama. Hutakuta dume hata moja la kukuharibia shamba. Ukipanda juu ya mwamba, mwamba utazaa."

Mrika alimkaribisha mezani, lakini mgeni alisema ana haraka, akanywa kahawa aliyokuja nayo kwenye chupa yake. Alipoondoka, aliondoka na Ndoc, mtoto wa pekee wa Mrika.

"Kijana atakaa kwangu mpaka mavuno," alisema, mkono begani mwa Ndoc. "Atakula ninachokula. Au huniamini?"

Swali la namna hiyo halina majibu mawili. Jioni ile Mrika alimwambia baba mkwe wake, mzee Lulash, kwamba Ndoc amevuka mpaka, kaenda Ugiriki kupaka rangi nyumba za watalii. Mzee alitikisa kichwa, akaendelea kuchonga kijiko chake.

Tangu miche ilipogoma, Mrika alikuwa ameijaribia kila dawa. Alidhani ni kiu, akaongeza maji, ikanyauka zaidi. Alidhani ni maji mengi, akayapunguza. Ncha zikaungua zaidi. Alidhani ni njaa, akaitilia samadi iliyokusanywa pembeni mwa zizi lile lile. Asubuhi ya pili miche ilikuwa imelegea kama vitambaa vilivyoloa. Alimlaani Bardhok na mbegu zake.

Ila kulikuwa na miche mitatu iliyokosa nafasi zizini. Aliichomeka nyuma ya nyumba, kando ya mahindi, akaisahau. Leo, alipokwenda kuchuma maharage, alijikuta anaitazama usoni. Ilikuwa na kimo chake, mibichi, minene, inanuka mpaka machozi yalimlengalenga. Mbegu zile zile. Maji ya kijito kile kile.

Basi kosa halikuwa la mbegu.

Aliweka ndoo chini, akang'oa mche mmoja wa zizini. Mizizi ilikuwa mifupi, ya kahawia, imegeuka na kurudi juu kana kwamba imekutana na mtu gizani. Juu ya udongo palikuwa na ukoko mweupe, mwembamba kama umande ulioganda. Mrika aliugusa kwa kidole, akakiweka kidole ulimini.

Ndipo alipomwona kondoo.

Mzee Lulash alikuwa kando ya meko, kisu mkononi.

"Baba, kule zizini mlikuwa mkiwawekea kondoo chumvi?"

"Kondoo mia nne walambe nini, bi harusi? Sukari?" Miaka ishirini na sita tangu aolewe, mumewe, mwana wa mzee, keshazikwa, na bado alimwita bi harusi, kama wanavyoitwa wake wote wa milima ile mpaka kaburini.

"Kwa miaka mingapi?"

"Mimi sitini. Kabla yangu baba yangu, kabla yake babu. Tuliimwaga juu ya mawe. Mvua ikija, inakwenda chini."

"Na wewe ndiye uliyeniambia nipande pale. 'Udongo ule una mafuta.'"

Kisu kilisita. "Nilisema."

"Ulijua."

"Hata nyasi hazioti kando ya mawe yale. Mwenye macho angeona." Alipuliza unga wa mti kwenye kijiko. "Kukukataza sikuweza. Mzee anayelishwa hana sauti nyumbani. Nikasema, acha ardhi imkatalie kwa niaba yangu. Mwaka mmoja tu. Ushindwe, yule mtu aone hakuna kitu, aende zake."

Mrika alicheka, kicheko kikamtisha mwenyewe.

"Ndoc hayuko Ugiriki, baba."

Mzee alimtazama.

"Yuko kwa Bardhok. Mpaka mavuno."

Kijiko kilianguka majivuni, asikiokote. Mrika alitaka kumchukia, akatafuta chuki pale alipoizoea, asiikute. Kila mmoja wao alikuwa amechimba shimo lake kwa siri, akilifukia vizuri kwa majani ya upendo, na mtoto mmoja alikuwa ametumbukia katika yote mawili.

"Chumvi hutolewa na maji," hatimaye mzee alisema. "Maji mengi."

"Kijito kimebaki uzi."

"Anakuja lini kukagua?"

"Jumamosi."

Ikaja Jumamosi. Bardhok hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja zizini, viatu vyake safi vikikanyaga ukoko mweupe. Alichuma jani, akalisugua, akalinusa. Alikuwa akitabasamu.

"Mama, mbegu zangu umempa nani?"

"Ni hizo hizo. Ni udongo, una chumvi. Nenda nyuma kwenye mahindi, iko mitatu, utaona mwenyewe…"

"Nimeanzia huko." Alipangusa vidole kwa leso. "Mitatu mizuri sana. Kumbe mbegu zangu ni nzima. Sasa nataka kujua hiki ulichopanda huku ni nini."

Mrika alifungua kinywa, akakuta ushahidi wake wote umeshageuka na kusimama upande wa pili.

"Maneno hayasemwi zizini." Mzee Lulash alikuwa mlangoni mwa nyumba, kavaa kofia yake nyeupe ya sufi na koti la sikukuu. "Ingia, mgeni. Nyumba hii ni ya Mungu na ya mgeni."

Mezani palikuwa na mkate wa mahindi, moto bado, na kibakuli cha chumvi. Hapakuwa na kingine. Katika milima ile hata wezi wanaijua sheria hiyo: aliyekula mkate na chumvi ya nyumba, damu ya nyumba hiyo ni mwiko kwake, popote ilipo.

Bardhok aliketi. Mzee alimega mkate kwa mikono iliyokauka, akaunyunyizia chumvi, akamnyooshea.

"Ndoc anakusalimu, mzee," Bardhok alisema. "Kijana mtulivu. Hana usumbufu."

"Kula, mwanangu."

Bardhok aliutazama mkate. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akajigonga kifuani taratibu, kwa adabu.

"Daktari amenikataza chumvi."

Mzee Lulash hakurudisha mkono. Aliuacha pale juu ya meza, mkate ukimomonyoka punje kwa punje, na Mrika alisikia, kupitia dirishani, ulimi wa kondoo ukikwaruza jiwe.