Diski Isiyosafishwa

Dorkasi alikuwa karani wa ofisi ndogo ya msaada wa kisheria kwa wanawake, mjini Karatu. Kwa miaka tisa yeye ndiye aliyeketi na wanawake waliokuja kueleza waliyofanyiwa majumbani mwao, akayachapa maelezo yao na kuyatunza kwenye kompyuta ambayo siku hizi iliwaka kwa kubembelezwa. Ilipoletwa mpya, fundi Sitonik alihamisha mafaili yote, akajaribu kufungua moja moja, kisha akamwonyesha Dorkasi programu ya kusafishia diski ya ile ya zamani.

"Dada, usifute tu ukaridhika," alimwambia. "Ukifuta kawaida ni kama kubandua jina mlangoni, mwenye chumba bado yumo ndani. Hii inaandika upya diski nzima. Itachukua kama saa tano, usiizime."

Ilikuwa Ijumaa, na mchana huo mpwa wa Dorkasi alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya ndoa, huko Mbulumbulu. Sitonik alipoondoka, Dorkasi alikitazama kile kitufe cha kuanzia, akatazama na saa ya ukutani. Akayafuta mafaili kwa mkono wake, akamwaga na pipa la taka la kompyuta. Hakuona tena kitu. Kwenye fomu ya makabidhiano akaandika "Diski imesafishwa," akatia sahihi, akaenda zake kucheza kwaito na kina shangazi.

Jumatatu kompyuta ilichukuliwa na Nanyokie, mama aliyekuwa anafungua steshenari karibu na soko. Ofisi ilimpa bure, aanzie maisha.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Nanyokie akafuta kwa bahati mbaya barua za wateja, akamwita Sitonik azirudishe. Saa nne asubuhi simu ya Dorkasi ikalia.

"Dada, njoo hapa kwa Nanyokie."

"Kuna nini?"

"Njoo tu."

Alipofika, steshenari ilikuwa imefungwa mlango wa mbele. Kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa yamejipanga majina, mamia, kila moja na tarehe aliyoiandika yeye. Barua za wateja zilirudi, na maelezo ya wanawake yakarudi pamoja nazo.

"Nilishangaa kuikuta inawaka na programu zake zilezile," Sitonik alisema bila kumwangalia. "Diski iliyosafishwa haiwi hivyo."

Dorkasi alifungua mdomo aseme programu ilikataa. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Nanyokie akamwahi.

"Nimesoma moja," alisema, sauti chini. "Niliona jina la Nosim. Sisi ni majirani. Nisamehe, sikuweza kujizuia."

Dorkasi akaketi kwenye kreti la soda, uso unamwaka. "Sikuisafisha," akasema. "Nilikuwa nawahi sherehe."

Sitonik akakizima kioo.

Mchana alimweleza mkurugenzi wake yote, kisha akaenda kwa Nosim. Nosim alitoka Ngorongoro na watoto wawili miaka miwili iliyopita, na sababu iliyomfanya amwache mumewe hata mama yake mzazi hakuijua. Alikuwa akianika nguo. Akamkaribisha Dorkasi kwa furaha, akataka kumchemshia chai, na furaha hiyo ndiyo iliyomuumiza Dorkasi kuliko matusi.

"Usichemshe, mdogo wangu. Nimekukosea."

Akaeleza. Nosim alisikiliza akiwa ameshika shati la mtoto, maji yakimchuruzika miguuni.

"Siku ile nilikuuliza nani atasoma," alisema mwishowe. "Ukaniambia wewe na mkurugenzi, basi."

"Nilisema hivyo."

"Nataka kuona ikisafishwa."

Kesho yake walikaa steshenari, wanne, tangu saa mbili asubuhi. Nanyokie aliwarudisha wateja mlangoni. Dorkasi ndiye aliyebonyeza. Asilimia zilipanda taratibu, na kila alipoinua macho alimkuta Nosim ameikodolea macho ile namba. Ilipokaribia nusu, Nosim alimgeukia jirani yake.

"Ulisoma mpaka wapi?"

Nanyokie akainama. "Mpaka mwisho."

Nosim akatikisa kichwa polepole, akajifunika shuka vizuri mabegani. Kazi ilipoisha, akamuaga Sitonik peke yake, kwa Kimaasai, akatoka.

Dorkasi aliondolewa kwenye kazi ya kutunza kumbukumbu, akapewa kazi ya mapokezi. Aliwapigia simu wanawake wote ambao namba zao zilipatikana, akarudia maneno yaleyale. Wengine walilia, mmoja alimkatia simu. Nosim hakukanyaga tena ofisini. Mwezi uliofuata alihama mtaa ule, na Nanyokie alipoulizwa amehamia wapi, alisema hakuambiwa.