Fomu Arobaini na Mbili

...na kwa nini asijiamini, tasnifu ni yake, kurasa mia na arobaini, hakuna aya asiyoijua kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake, na hawa watatu wa upande wa pili wa meza wamekwisha kumrushia maswali manane na yote ameyadaka, hata lile la takwimu lililomtoa jasho mwenzake jana, amebaki huyu mtahini wa kutoka chuo kingine tu, mzee mwembamba, penseli yake imesimama juu ya karatasi, "Nisaidie jambo moja dogo," ndivyo alivyosema sasa hivi, na mkubwa akisema dogo ujue limekufika, "wafanyakazi arobaini na wawili, mafunzo ya siku tatu, na wote wameandika wameridhika sana. Wote. Fomu hizi walizijaza lini, na wapi?"... lini ni rahisi, mwisho wa siku ya tatu, ukurasa wa tisini na moja, atajibu hivyo, watamtoa nje dakika tano wamjadili, watamwita wampe mkono, na Jumatatu ataipeleka barua ya chuo kwa meneja wa kiwanda cha sabuni, na kile cheo cha mkuu wa mafunzo, ambacho tangazo lake linataka shahada ya uzamili katika maendeleo ya rasilimali watu na linafungwa mwisho wa mwezi, kitakuwa chake, si cha yule bwana wa mauzo anayedhani kufundisha watu ni kuwasomea slaidi huku umewapa mgongo... lakini mzee kauliza na wapi... wapi, mlangoni, pale mlangoni pa bwalo la kiwanda, yeye mwenyewe kasimama na rundo la vyeti, nipe fomu nikupe cheti, na alivyojiona mjanja siku ile, maana mafunzo ya mwaka juzi fomu kumi na tisa zilipotea zisionekane tena, safari hii haikupotea hata moja, hata msimamizi wake, profesa huyu aliyeketi pembeni, alipiga meza kwa furaha, "Zote zimerudi, binti, huo ndio utafiti," na sasa hivi anakohoa, kile kikohozi chake cha kumwambia mwanafunzi jibu ulichoulizwa usiongeze neno, sawa, mwisho wa mafunzo, bwaloni, si uongo, mlango wa bwalo ni bwalo... ila Shangazi, kwa nini amjie Shangazi saa hizi, ndivyo kiwanda kizima kinavyomwita yule mama, miaka ishirini na mitatu kwenye mashine ya kufungia sabuni, alifika mlangoni na aproni yake, "Mwanangu, nimeweka tiki zote kwenye sana, nipe cheti changu niwahi zamu," naye akacheka, alicheka kweli, akampa, na hiyo ndiyo fomu namba saba kwenye jedwali lake zuri la rangi tatu, na nani angeandika hakuelewa kitu mbele ya mtu aliyemshikia cheti chake, yeye mwenyewe asingeandika, ni sawa na kumuuliza mgeni kama chakula ni kitamu huku sahani yake bado umeishika wewe... aibu inampanda mpaka masikioni, haya, na impande... lakini baada ya mafunzo sabuni zilizoharibika zilipungua kwa nusu, hilo halina fomu, limo kwenye daftari la zamu kwa mkono wa msimamizi wa mashine, kwa hiyo kuna mtu alifundisha, na kama si yeye na slaidi zake ni nani, na hapo anamwona, wiki ya pili baada ya mafunzo, Shangazi kasimama nyuma ya wafanyakazi wapya, kamshika mmoja mkono juu ya kile chuma cha moto kinachobania karatasi za sabuni, "Usiitazame saa ya joto, isikilize mashine, ikilia hivi imepoa," na yeye mtaalamu akapita na faili lake kwapani, akasema habari za kazi, hakuandika hata neno, mwenye macho haambiwi tazama, yeye yake yalikuwa kwenye faili... sura ya nne, ile ya fomu, itaanguka, basi, miezi sita ya kuiandika upya, cheo kitakwenda kwa bwana wa mauzo, na mama yake, anayemlelea watoto kila Jumamosi, atauliza tena, "Hicho kitabu chako, mwanangu, hakina mwisho?" na inauma, asijidanganye, inauma sana, ila chini ya maumivu kuna kitu kigumu kimekaa sawasawa, anajua sasa kiwanda kile kinajifunzia wapi, anajua atakaa wapi, kwenye mashine gani, atamuuliza Shangazi nini na lini, na hakuna aliyemo chumbani humu ajuaye hilo isipokuwa yeye, waache wamrudishe, atarudi na tasnifu ambayo hatahitaji kuitetea kwa vikohozi... profesa anakohoa tena, penseli ya mzee bado imesimama, na sauti yake mwenyewe anaisikia ikitoka shwari kabisa, "Walizijaza mlangoni, wakitoka. Na vyeti vyao nilikuwa nimevishika mimi."