Konokono wa Kilima cha Randu

Siku aliyorudi kutoka chuo kikuu Nairobi, Kadii hakuketi kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake Easter, akamwambia afungue kinywa, akamshusha mdomo wa chini na kutazama fizi. Palikuwa na mstari wa buluu chini ya meno. Akamwambia anyooshe mikono mbele. Viganja vya mtoto vikaning'inia, haviinuki.

"Baba yenu naye mikono yake ilifanya hivyo hivyo," akasema mama yao, Nyevu.

"Nakumbuka, mama."

Baba yao, Thoya, alikuwa kibarua katika kiwanda cha Mzee Randu, kilimani, upande wa Kaloleni. Betri kuukuu za malori zililetwa kutoka Mariakani, zikavunjwa, na madini ya risasi yaliyomo yakayeyushwa kwenye tanuri. Thoya alianza kwa kuumwa na tumbo. Kisha mikono ikalegea, kisha akashikwa na degedege kama mtoto mchanga, akafa Easter akiwa bado tumboni. Randu alikuja mazishini na gunia la mchele, akasema mbele ya watu wote kwamba Thoya ameuawa na pombe ya mnazi. Thoya hakuwa mnywaji. Lakini nani angembishia Randu, naye ndiye mwenye kazi ya kila nyumba kilimani pale? Wiki ile ile akatangaza kwamba atamsomesha Kadii mpaka mwisho wa masomo.

Akamsomesha kweli. Kadii alikuwa Nairobi, akisomea elimu ya wanyama, siku mwalimu alipoeleza jinsi risasi inavyoua: tumbo, fizi, mikono, degedege. Kalamu ilimponyoka. Tangu siku hiyo alijua nani aliyemwua baba yake na kisha kumwita mlevi, na alijua ni nani anayekilipia kiti alichokalia. Hakukiacha. Alisoma kwa hasira, akafaulu kuliko wenzake, maana alitaka kurudi nyumbani na silaha yenye makali.

Mwaka 1984 alipata kazi ya kufundisha katika shule moja ya wasichana Kilifi, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kushtaki wilayani. Maafisa walifika kiwandani. Randu aliwachinjia mbuzi. Hakukana kwamba udongo una risasi. Alisema mvua za masika ya mwaka uliopita zilibomoa ukuta wa bwawa la kuoshea betri, naye keshaujenga upya. Kabla ya hapo, akasema, haikutoka hata chembe. Maafisa wakaridhika, wakaenda zao. Kama sumu ilianza mwaka jana tu, basi Thoya aliuawa na mnazi.

Kadii alihitaji shahidi aliyekuwapo kilimani miaka yote hiyo. Vibarua wa zamani walikuwa wamekufa, au wanaogopa. Kisha Jumamosi moja, baada ya manyunyu, aliwaona konokono wakipanda ukuta wa kiwanda. Walikuwa wanono, wanakula ukungu wa ukutani uliojaa masizi ya tanuri. Kuku wa watu walikuwa wakifa pale, mbuzi walikuwa wakitoa mimba. Mbona hawa hawafi?

Aliwaokota, akawapeleka Kilifi. Akaenda pia Magarini, kwa shangazi yake, akaokota konokono wa aina ile ile ambao hawajaonja moshi wa kiwanda. Wote akawaweka katika masanduku nyuma ya maabara ya shule, katika udongo safi, akiwalisha mchicha na majani ya mpapai. Walitaga, wakaangua, na watoto wao nao wakataga. Wajukuu wale hawakuwahi kukiona kilima. Ndipo akawapa majani yaliyopakwa risasi.

Wa Magarini walijikunyata ndani ya makombe yao, wakatoa povu, wakafa. Wa kilimani waliendelea kula.

Alipowapasua baadhi yao aliona kwamba ini lao huishika risasi na kuifungia katika vijipunje vya chokaa, isiufikie mwili uliobaki. Uwezo ule hawakuupata kwa kula masizi. Walizaliwa nao, ulikuwa katika jeni zao. Kilimani, waliokosa uwezo walikufa bila kuacha watoto, wachache waliobahatika wakazaa, na hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Ili asije akaambiwa kwamba sumu ya mvua ile moja ingetosha kuzaa konokono kama hao, aliwaweka konokono wengine wa Magarini katika udongo wa kilima. Karibu wote waliangamia. Watoto wa waliosalia walipata nafuu kidogo, na wajukuu nafuu kidogo zaidi, lakini walikuwa mbali sana na wale wa ukutani. Mwalimu wake wa Nairobi alirudia majaribio yale, akapata majibu yale yale. Kilima kilikuwa kimeua tangu zamani.

Angeweza kwenda wilayani kimya kimya. Hakutaka. Alingoja mpaka harambee ya ukumbi mpya wa shule ya msingi kilimani, ambao ungepewa jina la Randu. Wazee wenyewe walimwita, awe msomi wa kumshukuru mfadhili wake. Alikuja amevaa leso mpya, na masanduku mawili.

Aliwaeleza watu kwa lugha yao ya nyumbani, taratibu, huku konokono hai na makombe matupu yakipitishwa mkono kwa mkono. Mkuu wa tarafa aliacha kutabasamu. Randu akasimama.

"Huyu mtoto nimemsomesha mimi!" akasema. "Leo anakuja kunitukana kwa wadudu?"

"Kweli umenisomesha, mzee, nami mbele ya watu nakushukuru," Kadii akajibu. "Ulianza wiki tuliyomzika baba yangu. Mbona hukumsomesha mtoto mwingine yeyote wa kilima hiki?"

Kadii akamgeukia mke wa Randu, Dorcas, aliyeketi kiti cha mbele.

"Shikamoo, mama. Nyinyi mlihamia Malindi lini?"

Dorcas alimtazama mumewe, kisha akatazama viganja vya Easter, aliyekaa kando ya Nyevu.

"Kabla ya kifo cha Thoya," akasema polepole. "Aliniambia niwaondoe watoto. Moshi utawaua."

Kule nyuma mwanamume mmoja akainua mikono yake iliyolegea. Akafuata mwingine, akafuata mwingine.

Kiwanda kilifungwa na Randu akashtakiwa. Kesi ilipokaribia, alituma wazee waombe mambo yamalizwe nyumbani. Kadii akasema hatasikiliza neno mpaka Randu asimame kwenye kaburi la Thoya na kusema ukweli. Randu akaja na Dorcas, adhuhuri, kijiji kizima kikiangalia.

"Thoya hakuwa mlevi," akasema. "Aliuawa na kazi yangu, na mimi nilijua."

Nyevu alilia kwa sauti. Kadii hakulia. Alihisi raha, raha kali, na hakuionea haya.

"Basi kesi muiondoe," Randu akasema, akijifuta jasho.

"Sijasema nitaiondoa. Nilisema nitasikiliza. Nimesikia." Akaenda mtungini, akachota kwa kata maji ya kisima kilicho chini ya kiwanda, akamletea. "Umetembea juani, mzee. Kunywa."

Randu aliyatazama yale maji. Kadii alijua kwamba kata moja haiwezi kumdhuru mtu mzima, lakini Randu hakujua. Alitazama watu, wanaokunywa maji yale kila siku, nao wakamtazama. Maji yakamwagikia kanzu, lakini akanywa mpaka chini.

"Haya, niachie sasa," akasema.

Kadii akaipokea kata, akaijaza tena.