Kiraka Kwenye Picha ya Galaksi

Mgeni alibisha hodi Jumapili asubuhi, wakati nimezamisha mikono yote miwili kwenye beseni, nakiosha kioo cha darubini yangu. Kioo cha darubini hakifutwi kwa kitambaa. Kinaoshwa kwa maji na sabuni kidogo, kwa pamba, polepole, kama mtoto mchanga. Ukigeuka kumwangalia mtu, umekikwaruza.

"Karibu," Mama aliitikia kutoka jikoni. Mama hukaribisha kwanza, halafu ndipo huuliza ni nani.

Aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mtu aliyetoka kazini akaisahau. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa.

"Namtafuta kijana wa studio. Yule anayepiga picha za pasipoti."

"Studio Jumapili imefungwa, dada," nilisema bila kugeuka. "Kama picha ina kasoro, njoo kesho."

"Picha haina kasoro. Kasoro zote ni za sura, na hizo nimezaliwa nazo. Nimekuja kwa ajili ya bahasha."

Hapo nikageuka. Studioni huwa nawafungia wateja picha zao ndani ya karatasi zangu za majaribio, zile ambazo wino umekaa vibaya. Alikuwa ameikunjua moja na kuinyoosha vizuri. Huenda aliipiga hata pasi.

"Kinyozi wa pale jirani ndiye aliyenielekeza," alisema. "Nimezunguka maduka ya vitambaa wiki nzima nikiuliza. Mimi ni fundi wa kurudishia nguo. Koti likiungua na sigara, suti ikiliwa na nondo, naziba tundu lisionekane. Najua vitambaa. Hiki sijawahi kukiona. Kinauzwa wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Nami nilicheka, lakini kwa upole, maana nilimwonea huruma. Wakati huo nilikuwa bado naweza kumwonea huruma.

Nilimweleza kwamba si kitambaa, ni anga. Nazichapa picha zangu kinyume, anga jeupe na nyota nyeusi, kwa sababu jicho hukamata vitu hafifu kwa urahisi zaidi namna hiyo. Lile doa la katikati, lililojisokota kama maji yanayoingia kwenye bomba la sinki, ni galaksi: mabilioni ya nyota, mbali sana, kiasi kwamba mwanga wake uliondoka huko kabla hapa duniani hajatokea mtu wa kuupokea.

Aliitazama tena karatasi yake.

"Kwa hiyo picha yangu ya pasipoti umeifungia mabilioni ya nyota."

"Ndiyo."

"Bure."

"Ilikuwa imeharibika, dada."

Aliomba kuona nyingine. Nikampa jalada langu lote la miaka mitatu ili nirudi kwenye beseni langu. Alikaa karibu na dirisha na kuishika picha ya kwanza juu chini.

"Umeigeuza," nikamwambia.

"Najua. Kitu kikikaa wima jicho linakipenda, halikichunguzi. Nguo zote nazikagua hivi."

Nilimwona wa kufurahisha. Nikiwa nimejaa ukarimu wa mtu asiyeogopa kitu, nikasema, "Haya basi. Ukiona humo chochote ambacho mimi sijakiona, ni chako. Nitakiandika kwa jina lako."

"Mama, umesikia?" akauliza.

"Nimesikia, binti yangu. Na huyu akiahidi hutimiza. Nimemlea mwenyewe."

Ndivyo nilivyojifunga kamba, nikicheka.

Niseme nilichokuwa nakitaka, maana kila kitu kinatoka hapo. Nina shahada ya fizikia. Nilipohitimu niliamini kwamba aliyesoma nyota ataajiriwa na nyota. Nikaajiriwa na studio ya picha. Kule mlimani kuna kituo cha kuangalia anga, na kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja tu wa kazi. Fomu yao ina maswali kumi na mawili. Swali la tisa linasema: *Eleza kitu chochote angani ulichokigundua wewe mwenyewe.* Mara mbili nilikuwa nimeijaza fomu hiyo, mara mbili nimeliacha swali la tisa wazi, na mara mbili nimejibiwa kwa barua fupi yenye heshima nyingi. Safari hii niliandaa picha ya galaksi ileile ya kwenye bahasha ya fundi. Nilitaka iwe nzuri hata wasahau kusoma swali la tisa.

Jumapili iliyofuata alirudi. Na iliyofuata pia. Alikuja na kikapu cha nguo za watu, akakaa pale pale dirishani, akishona kidogo na kutazama picha kidogo. Siku ya kwanza aligundua unywele mmoja uliokuwa ndani ya kamera yangu tangu mwaka juzi, ukiacha kivuli kilekile katika kila picha. Nikashukuru. Siku ya pili alinionyesha mstari mwembamba kuliko ukucha. Ilikuwa setilaiti iliyopita nikiwa napiga. Nikashukuru kwa shida. Kisha akaweka kidole pembeni kabisa mwa picha.

"Na huu uzi uliokatika hapa?"

Ilikuwa galaksi. Ndogo, imelala upande, haizidi punje ya ufuta. Nimeitazama picha ile miaka mitatu, nakala yake imetundikwa juu ya kitanda changu. Nilikimbilia kompyuta kutafuta kwenye orodha, na nilipoikuta nilihisi furaha ambayo naona haya kuisimulia.

"Inajulikana," nikasema. "Iliorodheshwa zamani sana."

"Lakini wewe ulikuwa huijui," Mama alisema.

Hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaanza kuona vitu vidogo. Kiti cha dirishani kikawa kiti chake. Mwenyewe nilikaa kwenye ndoo. Mama aliwasimulia majirani kuhusu "binti yetu mwenye macho". Mama yule yule kwa miaka mitatu hakuwahi kupanda ngazi kwenda darini kuitazama darubini yangu, magoti hayamruhusu. Jioni moja, jua ndiyo kwanza limezama, nikamkuta amefika juu, ameshikwa mkono na fundi. Nilimwekea Mama darubini, nikamsogezea kiti. Akainama, akafumba jicho ambalo silo, halafu akauliza, "Binti yangu, nitazame wapi?"

Hakuniuliza mimi. Na darubini ile niliijenga kwa mikono hii, kwa bomba la mtaro na mota ya mashine mbovu ya kutolea nakala.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Mama aliniambia usiku huo aliponiona nimenuna.

"Mwenyeji hajaugua, Mama."

"Umeugua, mwanangu. Ni vile tu ugonjwa wako hauna dawa dukani."

Jumapili ya nne picha ya kuombea nafasi ya mlimani ilikuwa tayari, kubwa, imebandikwa ukutani sebuleni. Fomu ilitakiwa Jumanne. Fundi alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Kisha akaibandua, akaigeuza juu chini, akaipeleka dirishani.

"Hapa pametiwa kiraka," alisema.

"Wapi?"

"Hapa kwenye mkono wa galaksi. Hivi vitone vitano, kimoja kikubwa na vinne kama mkufu, vipo hapa, na vipo tena hapa chini, vilevile. Umekata kipande cha chini ukakibandika juu. Kazi nzuri. Lakini mimi viraka ndivyo vinavyonilisha."

Damu ilinipanda masikioni, kwa sababu ilikuwa kweli. Kila mpiga picha wa anga husafisha picha yake: vumbi la kamera, madoa ya joto, taka. Palikuwa na kitone pale, kimekaa kwenye mkono wa galaksi kama chunusi puani siku ya harusi. Nilikifunika bila kufikiri mara mbili.

"Lilikuwa vumbi."

"Hata karatasi yangu ya bahasha ina kitone hapo. Nilidhani wino umedondoka. Vumbi linakaa palepale mwezi mzima?"

"Dada," nikasema, "hizi si suruali."

Alikuwa amerudia kushona; sindano yake ilisimama. Aliichomeka kwenye mkono wa blauzi, akakunja nguo za watu moja moja, akaziweka kikapuni, akamuaga Mama kwa adabu zote. Mimi hakuniaga.

Mama hakunigombeza. Alikitazama tu kile kiti kitupu, akarudi jikoni, na siku hiyo masufuria yalilia kuliko kawaida.

Nilifungua kompyuta ili nithibitishe kwamba nilikuwa sahihi. Ndiyo sababu pekee.

Picha ya galaksi si picha moja. Ni picha ndogo nyingi, kila moja ya dakika tano, ambazo programu huzijumlisha. Hii ilikuwa na sitini. Na kati ya moja na nyingine huwa naisogeza darubini kidogo sana, kwa makusudi, kwa sababu vumbi limo ndani ya kamera: nyota zikihama kwenye picha, vumbi haliendi nazo, linabaki palepale, nawe unalitambua. Nilikifuata kile kitone picha baada ya picha. Kilihama. Kilihama pamoja na nyota zote, picha sitini. Nikafungua picha za mwaka jana za galaksi ileile. Hakikuwapo.

Ilikuwa nyota imelipuka. Nyota moja, katika galaksi nzima, imekufa na kuwaka kiasi cha kuonekana kutoka darini kwetu, na mimi nimeifuta kwa mkono wangu ili picha ipendeze.

Nilimpigia simu katibu wa chama chetu cha wapenda anga, mzee wa sauti kavu anayefanya kazi ya kutengeneza saa. Aliniacha kwenye simu, nikisikia saa zake zikigonga, akaenda kutazama taarifa.

"Hakuna aliyeiripoti," alisema aliporudi. "Bahati yako. Tuma kesho kabla ya saa sita mchana, wenye macho ni wengi. Nani ameiona kwanza?"

"Nimeipiga mimi."

"Sikukuuliza hilo, kijana. Fomu ya ripoti ina mistari miwili, mpigaji na mwonaji. Ugunduzi ni wa mwonaji. Waliwahi kugombana watu hapa mpaka wakanyimana salamu, ndipo tukaweka kanuni. Sasa, nani?"

"Nitaandika kwenye fomu," nikasema.

Sikulala vizuri. Swali la tisa lilikuwa limepata jibu, na jibu lilikuwa la mtu mwingine. Nilijitetea kama wakili. Darubini yangu, kamera yangu, baridi niliyoila mimi. Yeye aliona kiraka tu, hakuona nyota. Hajui hata nyota hulipuka. Na ile ahadi ilikuwa mzaha wa mtu aliyeshika pamba. Kila hoja ilikuwa nzuri. Zote nilizitengeneza kama nilivyoitengeneza ile picha, kwa kukata kipande hapa na kukibandika pale.

Kilichoniuma zaidi si nafasi ya mlimani. Ni kwamba alitazama wiki nne akaona, nami niliyependa miaka mitatu sikuona.

Jumatatu asubuhi, kabla ya studio, nilikwenda kwenye chumba chake cha kazi. Ni chumba kimoja, dirisha kubwa, makoti ya watu yamening'inia kama foleni ya wagonjwa. Alikuwa amepiga magoti mbele ya koti la kijivu, pini zimejaa mdomoni. Aliniona, akainua kidole: subiri. Akaanza kuzitoa pini, moja moja, akizichomeka kwenye pindo. Nilizihesabu. Zilikuwa saba, na mpaka ya tano bado nilikuwa naweza kusema nimekuja kuomba radhi tu.

"Haya," alisema. "Kama umeleta tusi jingine, liweke pale na nguo chafu."

"Nisamehe, dada. Halikuwa vumbi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, futi shingoni. Nilipofika kwenye mistari miwili ya fomu alinikatiza.

"Mama yako aliniambia habari za swali la tisa. Andika jina lako. Mimi nyota nitaipeleka wapi? Haivaliki."

Sitadanganya. Hapo ndipo wivu uliponiuma kuliko siku zote, kwamba anaweza kukigawa hivyo, kwa mkono mmoja, kitu ambacho mimi nimekililia.

"Niliahidi," nikasema.

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania. Lakini niliahidi, na Mama alisikia."

Aliinuka, akajikung'uta magoti. Kisha akanitajia majina yake matatu, polepole, la babu mwishoni. Nikayaandika kwenye simu katika mstari wa mwonaji. Aliomba kuiona, akaigeuza simu juu chini, akaichunguza, akanirudishia. Nikabonyeza kutuma. Ilikuwa saa mbili na nusu.

"Itaonekana mpaka lini?" akauliza.

"Miezi michache. Inafifia kidogo kidogo."

"Basi Jumapili nitakuja. Kile kiti usikikalie."

Studioni mteja wa kwanza alikuwa bado hajafika. Nilifungua fomu ya kituo cha mlimani, nikaambatisha picha mpya, ile yenye kitone, kimekaa pale pale kinapokera jicho. Nikashuka mpaka swali la tisa. Nikaandika, *Hakuna*, nikaendelea na la kumi.