Hitilafu za Basi la Taratibu

Abiria walimpa jina la Taratibu kwa sababu hakuwahi kukimbiza basi. Walipomtania kwamba kobe amewapita, alicheka nao. Basi lake ndilo lililomshinda mteremkoni likapindukia bondeni. Watu walikufa. Yeye alitoka na mguu uliovunjika, akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali akaingia rumande. Neno lake lilikuwa hilohilo kwa kila aliyemuuliza: gia iliruka yenyewe.

Mwenye basi alisema hakuna cha kuruka. Dereva alitoa gia, akaliacha basi literemke frii ili abane mafuta, kama wanavyofanya wengi.

Dada yake Taratibu, ambaye nyumbani walimwita Injinia tangu hajamaliza shule, alifanya kazi katika kiwanda cha giaboksi. Kazi yenyewe ilikuwa kuunda giaboksi ndani ya kompyuta na kuiharibu makusudi. Anavunja jino, analegeza springi, anachakaza beringi, kisha anatazama gari linavyougua. Wakili wa Taratibu aliposikia hivyo nusura amkumbatie.

"Kompyuta haina undugu na mtu," alisema. "Tutafutie hitilafu moja tu inayofanana na mstari uliochorwa na kinasa mwendo cha basi. Moja tu, dada yangu."

Mama yao hakuhitaji kuelezwa mambo ya mistari. "Mtoe mdogo wako, mwanangu," alisema, akarudi kukunja nguo.

Injinia alianza kwa uhakika. Alilegeza springi inayoizuia gia isitoke, na ile gia ikaruka kweli. Alipiga meza kwa furaha hadi mwenzake wa meza ya pili akauliza kama kaposwa. Lakini alipoulaza mstari wa kompyuta juu ya mstari wa basi, mistari haikulaliana. Gia inayoruka yenyewe hutetemeka kabla ya kutoka. Mstari wa basi haukuwa na mtetemo wowote. Ulikuwa umenyooka, kisha ukakatika, safi kabisa, kama uliokatwa kwa wembe.

Akajaribu meno yaliyolika. Akajaribu beringi, akajaribu uma unaosukuma gia, akachanganya mbovu na mbovu. Kila kitu kilitetemeka. Mwishowe, mchana mmoja wa joto ambapo wenzake walikuwa wamekwenda kula, aliondoa hitilafu zote, akaacha giaboksi nzima isiyo na kasoro. Kisha akaiamuru kompyuta ikanyage klachi na kutoa gia, kama dereva anavyofanya kwa mkono wake.

Mistari ikalaliana, hata usingejua upi ni upi.

Alikwenda chooni, akafungulia bomba ili asisikike.

Siku ya kumwona mahabusu, Taratibu alikuja akichechemea, akashika wavu kwa vidole.

"Dada, umeipata?"

"Mkono wako ulikuwa wapi, mdogo wangu?"

Uso ukamkauka. "Kwenye usukani."

"Yote miwili?"

"Yote miwili. Nilisikia tu injini imenyamaza. Kutazama, gia iko frii. Unadhani nalala? Kila nikifumba macho nairudia ile njia."

Injinia aliutafuta uongo usoni mwake. Aliujua, alikuwa akiusoma tangu huyu akiwa mtoto wa kuiba sukari. Haukuwepo. Kumbe alikuwa akiamini anachosema. Mkono ulikuwa umezoea kutoa gia kwenye kila mteremko kwa miaka, bila kuulizwa, kama mtu anavyojikuna, na kichwa hakikupewa habari. Hilo ndilo lililommaliza nguvu. Angekuwa mwongo, angemkasirikia.

"Giaboksi ilikuwa nzima," alisema kwa sauti ya chini.

"Si uiharibu?" Taratibu alisogea hadi paji la uso likagusa wavu. "Ndiyo kazi yako hiyo. Iharibu, Dada."

Angeweza. Ilikuwa tarakimu chache tu. Lakini springi mbovu ingekuwa na fundi aliyeifunga, na fundi huyo naye alikuwa na dada mahali fulani.

Alimpelekea wakili majibu kama yalivyotoka. Wakili aliyasoma akiwa amesimama, akamrudishia. "Haya hatuyahitaji. Wala hukufika hapa."

Kesi ikaenda bila yeye, na Taratibu akafungwa. Siku hiyo mama alivua viatu mlangoni, akakaa bila kuwasha taa ingawa giza lilikuwa linaingia.

"Na ile kompyuta yako?"

"Ilikataa, mama."

"Kompyuta ilikataa," mama alisema. "Na wewe?"

Injinia aliinuka, akawasha taa. Siku zilizofuata mama alizungumza naye mambo ya chumvi na maji tu. Kila anaporuhusiwa kwenda kumwona mfungwa, Injinia hubeba sabuni na fulana. Askari wa mlangoni hupokea mfuko, huingia ndani, hurudi na mfuko uleule.

"Anasema hana dada," humwambia, bila ubaya wowote, na kumwita anayefuata.