Panya wa Sanduku la Pili

Kila asubuhi mwanafunzi Aurélie aliwapima panya kumi na wawili kwa uzi. Aliuzungusha uzi kwenye mguu wa nyuma uliovimba, akaunyoosha juu ya rula, akaandika. Siku nane zilikuwa zimepita tangu Mwalimu Théophile awadunge kemikali ya formoli kidogo miguuni ili ivimbe, katika maabara ya chuo, Kasongo. Sita wa sanduku la kwanza walinyweshwa maji ya majani yaliyochemshwa. Sita wa sanduku la pili walipaswa kupata maji matupu, ili ijulikane kama ni majani yanayotuliza uvimbe au ni mwili wenyewe.

Alikuwa amemshika panya wa saba pikipiki iliponguruma mlangoni. Mama Faridah, mganga mwenye majani yale, aliteremka na vumbi la Lusangi mpaka kwenye kope. Walimtazamia Jumamosi.

"Nimeshindwa kungoja," alisema, akainama kutazama masanduku. "Eh! Panya wanakula unga bure? Bwana yangu akisikia, naye atavimba muguu."

Aurélie alicheka chinichini. Mwalimu hakucheka. Alichukua daftari, akapitisha kidole kwenye safu zote mbili.

"Mama, afazali nikuambie sasa. Wote wamepunguka uvimbe sawasawa, wenye walikunywa na wenye hawakukunywa. Majani haiko na kazi. Leo ninaandika ripoti."

Mama Faridah alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Miaka makumi mbili ninapatia watu wa magoti hii dawa. Basi nilikuwa ninawadanganya?"

"Hapana, mama. Ulikuwa hujui."

"Kuna muzee wa Nyangwe anakuja kesho. Nitamurudisha."

Uzi ulimponyoka Aurélie. Siku ya kwanza, Mama Faridah ndiye aliyemfundisha kuchemsha: dawa ikibaki chunguni haimwagwi chini, anapewa aliyekosa. Nyumbani kwa kina Aurélie pia ilikuwa hivyo. Dawa ikipikwa, watoto wote walikunywa, mgonjwa na mzima. Jioni ile akamwona panya mmoja wa sanduku la pili akiburuta mguu kuyafuata maji. Chungu kilikuwa mkononi mwake. Tangu hapo alifanya vile kila jioni, akijiambia kuwa mabaki machache hayawezi kubadili kitu.

Mwalimu alikwisha kufungua kalamu.

"Mwalimu, usiandike," Aurélie alinong'ona.

"Unasema nini? Wewe unaongeaka na panya tu, sisi hatusikiaka."

Aurélie alimrudisha panya sandukuni, akafunga mlango wa waya. Kazi yote ingeanza upya, pengine bila yeye. Alimtazama Mama Faridah.

"Hakuna panya alikosa dawa," alisema, safari hii kwa sauti. "Kila jioni nilipatia wa sanduku la pili mabaki. Niliwahurumia, halafu nikaogopa kusema. Kama majani iko na kazi, bado hatujui. Lakini mama asirudishe mutu juu ya kosa langu."